Mtumbwi wa Katikati

Katika kanisa letu hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, Jumapili ya mavuno watu hupanda mbele kwa makabila. Msemaji anashika mikro anaita Babembe, nao wanapanda na mihogo yao na ngoma yao. Anaita Bafuliru, Barega, Barundi, kila kundi na vitenge vyake na namna yake ya kutikisa mabega. Mwisho anaita Bashi. Hapo ndipo sisi watu wa Idjwi tulikuwa tunasimama, nyuma ya Bashi, kama ndugu wa mbali aliyefika harusini bila kualikwa. Hakuna aliyetufukuza, lakini hakuna aliyetuita pia.

Idjwi ni kisiwa kikubwa katikati ya ziwa Kivu. Kuna vingine vidogo karibu yake, Ibinja, Iko, Shushu, vimetawanyika majini kama vifaranga kando ya mama yao. Upande wa machweo ni kwa Bahavu na Bashi. Upande wa mawio ni Rwanda. Mi nilizaliwa pale, nikavuka maji nikiwa msichana mwenye kifurushi kichwani, na leo nashona nguo karibu na soko la kambi. Batoto wangu wanaongea Chichewa kunishinda, na ukiwauliza kisiwa chetu kikoje wanakuambia kina mananasi.

Mama yangu hakuwahi kuupenda ule mpango wa kupanda na Bashi. Si kwamba anawachukia. Rafiki zake wa kuchambua maharagwe wote ni Bashi, na akiumwa wao ndio wanaomletea uji. Lakini kila mavuno alikuwa anajivuta nyuma kidogo, anaacha nafasi kati yake na mgongo wa mwisho wa Bashi, ili mwenye macho aone kwamba pale pameanza kitu kingine. Hakuna aliyewahi kuona isipokuwa mimi.

Kisha habari ya safari ikatoka. Mama na mdogo wangu wa kiume wamekubaliwa kwenda kuishi mbali, nchi ya baridi ambayo mama hadi leo hajui kulitamka jina lake. Mimi na batoto tutabaki. Nililia siku ile, siwezi kuficha, nikalia juu ya suti ya watu mpaka ikabidi niifue. Mama hakulia. Alikaa kwenye kiti changu cha wateja, akanyoosha miguu, akasema:

"Mi siendi kule baridi bila kusikia banaita kisiwa yangu. Mara moja tu. Nisimame mi mbele, si nyuma ya mugongo ya muntu."

Nikamwambia, maman, hilo ni jambo dogo, niachie mimi. Kumbe nilikuwa sijui ninalolisema.

Mwenyekiti wa komite ya mavuno ni mama mmoja wa Bukavu, zamani mwalimu wa historia, sasa anakaanga mandazi karibu na pampu ya maji. Tunamwita mama prezida. Ni mtu mwema, tena mcheshi, ila ukitaka kubishana naye lazima uwe umekula. Nikamweleza haja ya mama yangu. Alinisikiliza vizuri, akageuza mandazi, akasema:

"Kisiwa si kabila."

"Basi sisi njo nini?"

"Ukae hapa, nikuambie."

Nikakaa. Akanifundisha historia yangu mwenyewe mbele ya karai la mafuta. Wa kwanza kule walikuwa Bambuti. Wakavuka Bahavu na wafalme wao. Mfalme wa Rwanda naye akaja na mitumbwi, akakiteka kisiwa, akakaa. Kila aliyegombana na mkubwa wake, upande huu au upande ule, alitafuta mtumbwi akaja kujificha kwetu, akaoa, akalima. Mjerumani akasema ni chake, Mbelgiji akasema ni chake, na Mbelgiji ndiye aliyebaki, na kahawa ikaja.

"Ngoma yenu ya Rwanda," akahesabu kwa uma wa mandazi. "Luga yenu ya Bahavu. Harusi yenu mulijifunzia kwa Bashi. Hata sambaza, ile samaki munajivuniaka, balizitoa Tanganyika njo bakazimwanga mu Kivu. Mama, hata samaki yenu ni bakimbizi."

Wateja wake wakacheka. Na yote aliyosema yalikuwa kweli.

"Mwacha mila ni mtumwa, mi nakubali," akaendelea, sasa kwa upole. "Lakini mila yenu iko wapi? Nikiita kisiwa, kesho mutaa ya Bukavu nayo itataka iitwe. Muniletee kitu moja yenye hakuna muntu atasimama mu kanisa aseme ni ya kwabo. Mukipata, nitabaita. Mukikosa, mutapanda na Bashi kama zamani."

Niliondoka nikaacha mandazi yangu mezani, na mi si mtu wa kuacha mandazi.

Tuko familia chache za visiwani hapa Dzaleka. Nikaziita zote kwangu, jioni, tukakaa kati ya mashini na vitambaa. Nikasema tutafute kilicho chetu peke yetu. Tukaanza kwa furaha kubwa. Mmoja akasema ngoma, tukaitoa, ya Rwanda. Mwingine akasema kahawa, tukaitoa, ya Bazungu. Nanasi nalo, mzee mmoja akasema babu yake alikumbuka siku lilipofika. Mihogo ilitoka ng'ambo. Vikapu vyetu vinasukwa vilevile mpaka Cyangugu, kule Rwanda. Kila tulichokishika kilikuwa na mama yake mahali pengine.

Tukabaki na wimbo wa kuvuta nyavu. Nikasema, Mungu asante, huu basi. Baba yangu aliuimba maisha yake yote. Lakini wimbo ule una mstari wa Mashi, lugha ya Bashi, unafuata wa Kinyarwanda, wa Kihavu, wa Kiswahili, halafu unarudi mwanzo. Nikasema, tutaukata. Tutabakiza Kihavu, na penye maneno ya Bahavu wa ng'ambo tutaweka yetu. Mi ni fundi cherehani, kukata najua. Tukakata, tukaimba.

Uliwahi kuvaa suruali iliyopunguzwa na mtu mwenye haraka? Ndivyo ulivyokuwa. Mstari ulikuwa unaisha kabla pumzi haijaisha, na hakuna wa kukupokea. Tulirudia na kurudia mpaka yule mzee wa nanasi akaomba maji. Mama alikuwa kwenye kona anachambua maharagwe, haimbi.

"Maman, mbona huimbi?"

"Niimbe nini? Munaimba mifupa."

"Sasa tufanye je? Bote banasema ni yabo."

"Ni yabo," akasema, akatupa punje mbovu nje ya mlango. "Nani alikukatalia?"

Nikakasirika naye pia. Nikamwambia kwamba yeye ndiye aliyetaka haya yote, mimi najichosha kwa ajili yake, na yeye anakaa anatupa maharagwe. Akachukua kiganja kingine cha maharagwe. Tulilala hatusemeshani, na kwa watu wawili wanaolala chumba kimoja hiyo ni kazi.

Wiki iliyofuata tulienda Lilongwe. Nilihitaji vitambaa vya soko la Tsoka, na mama alitaka kuaga mji kabla ya safari, ingawa alidai anafuata dawa ya magoti. Nikamaliza vitambaa, nikageuka, mama hayupo. Nikamtafuta kwenye viatu, kwenye masufuria. Nikamkuta upande wa samaki, ameinama juu ya rundo la usipa mkavu, wale samaki wadogo wa ziwa la hapa Malawi. Alikuwa ametia mmoja mdomoni.

"Sambaza," akaniambia.

"Ni usipa, maman."

"Ni sambaza yenye ilipata mbio ikafika mbali kuliko sisi."

Akaanza kuimba taratibu, kama mtu anayepima chumvi. Ule wimbo mzima, na vipande vyote nilivyokata. Mwenye samaki, mama mnene mwenye kitenge cha kijani, alikuwa anapanga marundo yake. Akasimama. Hakujua neno hata moja, lakini mwili wake ulijua. Mabega yalienda nyuma, yakaja mbele, nyuma, mbele. Mama alipofika mwisho akaacha pengo, na yule mama akaingiza lake: "Kokani, amayi, kokani." Vuteni, akina mama, vuteni. Kumbe alizaliwa kando ya ziwa, na kwao pia nyavu haziji kimyakimya.

Waliimba pale mpaka wauza nyanya wakageuka. Neno walilokuwa nalo wote wawili ni zikomo peke yake, yaani asante, na walilitumia vya kutosha. Mama akaondoka na fungu la usipa la zawadi, nami nikambebea.

Tukakaa kwenye ngazi za duka lililofungwa tukisubiri gari la Dowa la kuturudisha kambini. Nikamwuliza sasa kwa adabu, kwa sababu nilikuwa nimeona kitu na sikukijua jina.

"Maman, baba alikuwa anafanya nini hasa mu mtumbwi?"

Akashangaa kwamba sijui. Akanieleza. Sambaza huvuliwa kwa mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu umeshuka chini yake. Mtumbwi wa upande mmoja mara nyingi ulikuwa na vijana wa Bashi waliokuja kutafuta kazi. Wa upande mwingine, watu wa Rwanda waliovuka. Kila upande unavuta kwa wimbo wake. Upande mmoja ukivuta peke yake wavu unapinda, samaki wanamwagika, na miti inaweza kuvunjika. Kwa hiyo mtumbwi wa katikati ulikaliwa na mtu wa kisiwani. Yeye ndiye anayewatupia hawa mstari wao, kabla pumzi yao haijakata anawatupia wale wengine wa kwao, halafu wote pamoja.

"Baba yako hakukuwa na lwimbo yake," akasema mama. "Alikuwa na katikati. Asiye mutoto ya kisiwa hawezi kukaa pale. Balijaribu. Balirudi na nyavu tupu."

Nilikuwa pale ngazini na usipa kwenye mapaja. Ningempiga mtu busu. Nilikuwa nimetafuta kitu ambacho majirani hawakukigusa, na chetu kilikuwa mahali majirani wanapokutana. Nikamwambia mama twende Jumatatu kwa mama prezida. Akasema hapana, asiambiwe kitu. Aone mwenyewe.

Mianzi mirefu miwili tuliipata kwa mkulima anayeleta mboga kutoka Madisi. Vikapu vitatu vikubwa tukavijaza: kimoja mahindi, kimoja maharagwe, cha katikati usipa. Nikashona mikanda ya kitenge, mishono miwili-miwili, tukavifunga juu ya mianzi kama mitumbwi inavyofungwa. Ncha za kushoto watu, ncha za kulia watu, mama katikati akishika kikapu cha samaki. Tulifanya mazoezi nyuma ya nyumba, na nikatupwa chini kwenye mtaro mara ya kwanza, kwa sababu nilienda kabla ya mstari wangu. Mama akacheka mpaka akashika ukuta.

Siku ya mavuno kanisa lilijaa mpaka madirishani. Wageni wa Malawi walikuja pia, akina mama wa vijiji vya jirani na baadhi ya wateja wa mandazi, wakakaa nyuma kama wageni wanavyokaa. Makabila yakapanda yakashuka. Mama prezida akachukua mikro mwenyewe. Akaeleza kwa haki kile tulichopatana: watu wa Idjwi wameleta kitu, na yeyote anayekijua kuwa cha kwao asimame aseme. Nilikuwa ncha ya kushoto, nimeshika mwanzi. Mama alikuwa amevaa kitenge chake cha njano alichokiweka kwa ajili ya ndege.

Akatupa mstari wa kwanza, wa Mashi. Hata hatujapiga hatua mbili, safu nzima ya Bashi ikasimama, na mama mmoja akasema kwa sauti, "Hii lwimbo ni ya kwetu."

Mama hakusita.

"Njo yenu," akakubali. "Kuyeni mushike."

Wakaangaliana, wakacheka, wakaja. Wakashika ncha ya kushoto pamoja nami. Mama akatupa mstari wa Kinyarwanda, na Banyarwanda wakasimama upande wa pili, nao wakasema ni wao, nao mama akawaambia, "Njo yenu, kuyeni." Sasa mianzi ilikuwa imejaa mikono. Kushoto ikivuta, kulia ikipumua. Vikapu vikaanza kwenda mbele, vinayumba taratibu kama vile viko juu ya maji, na kwangu ikawa kama baba yuko pale. Kihavu, kisha Kiswahili, kanisa zima likaitikia.

Katikati ya njia mama prezida akainua mkono. Tukasimama.

"Mi najua Mashi," akasema, na alikuwa anatabasamu. "Kinyarwanda najua. Kihavu nasikia, Kiswahili ni yangu. Hakuna mustari hapa yenye sijue. Basi mama, niachie hiyo katikati."

Mama akamwachia. Akasogea kando, akakunja mikono, akangoja.

Na kweli mama prezida aliijua yote. Sauti yake ni nzuri kuliko ya mama, sitasema uongo. Akatupa Mashi, tukaenda. Akatupa Kinyarwanda, lakini aliutupa baada ya mstari wetu kuisha, kama mwalimu anayengoja darasa linyamaze. Kulia ikachelewa. Kushoto tulikuwa tumeshakwenda. Mianzi ikapinda, kikapu cha katikati kikainamia upande, na usipa wa Tsoka akamwagika kwenye sakafu ya kanisa na juu ya viatu vya mama prezida. Akajaribu tena, akawahi mno, na safari hii mahindi.

Kanisa likacheka. Yeye akacheka zaidi ya wote, miwani mkononi, machozi yanamtoka. Akainama, akaokota samaki mmoja kwenye kiatu chake, akamrudisha kikapuni kwa heshima zote.

"Kamata," akamwambia mama, akarudi kwenye mikro. "Bantu ya Mungu, nimesikia yetu ndani. Nimesikia ya kila muntu ndani. Lakini ile katikati, nani mwingine humu anasema ni ya kwabo? Asimame."

Hakusimama mtu.

"Basi," akasema mama prezida, akavuta hewa, na akaita kwa sauti ile ya kuita madarasa mawili kwa pamoja: "Idjwi na bisiwa yote."

Mama akapokea kikapu. Akatupa kushoto, akatupa kulia, akawahi kila pumzi kabla haijakata, magoti yake yote mabovu yamesahaulika. Tulipokaribia mbele akageuza kichwa nyuma, kule walikokaa wageni, akatupa: "Kokani, amayi, kokani." Akina mama wa Malawi wakanyanyuka kama wamechomwa na sindano. Vigelegele vikajaa mpaka bati likaitikia. Walikuja mbio kushika, hakuna nafasi kwenye mianzi, wakashika migongo yetu, wakasukuma. Tulifika mbele kwa kishindo, hata mchungaji alirudi hatua. Mama akaweka kikapu chini, akasimama wima, mbele yake hakuna mgongo wa mtu. Sijawahi kumwona mrefu hivyo.

Aliondoka kabla ya mvua. Uwanja wa ndege hatukuruhusiwa kupita mlango wa pili, kwa hiyo tuliagana kwenye kioo. Sikusikia alichosema. Nilimwona anafanya mabega nyuma, mbele, nyuma, mbele, na walinzi wakimwangalia.

Mwaka huu mavuno yalirudi. Mdogo wangu akapiga simu ya picha kutoka kule baridi, na mwanangu mkubwa akaishika juu ili bibi aone. Msemaji akaita Idjwi na visiwa vyote, kabla hata ya kuwaita Bashi. Tukasimama, sisi familia chache. Kisha nikasikia benchi zinasogea. Jirani yangu Mrundi akaja kushika kushoto. Yule mama wa Bashi aliyesema wimbo ni wao akaja na binti zake. Mama prezida akavua viatu kwanza, akisema amejifunza, akashika kulia. Mama wa usipa, niliyemwalika kule sokoni, alikuwa amekuja kutoka Lilongwe kwa gari la asubuhi, na kitenge chake kilekile cha kijani.

Mianzi ilikuwa chini, vikapu vimefungwa. Kila mtu alishika ncha, na wakaniangalia.

Kwenye simu uso wa mama ulikuwa mdogo, umefunikwa kofia ya sufu. Alikuwa anakaza macho.

"Sioni vizuri," akasema. "Nani iko katikati?"

Nikainama nikashika kikapu cha samaki.

"Ni mi, maman."

Akasogeza uso karibu na simu.

"Basi batupie," akasema. "Pumzi yabo isikate."